Mwalimu Mwenye Upanga wa Mwanzi na Wasomaji wa Uani Kwetu

Akiko Higashimura alizaliwa mwaka 1975 katika mkoa wa Miyazaki, kusini mwa kisiwa cha Kyushu huko Japani, na leo ni mmoja wa wachora manga, yaani vibonzo vya Kijapani, wanaosomwa sana nchini kwao. Kuanzia mwaka 2012 hadi 2015 alichora maisha yake mwenyewe katika jarida la Cocohana, yakatoka juzuu tano zinazoitwa Kakukaku Shikajika. Toleo la Kiingereza linaitwa Blank Canvas, na ndilo lililonifikia mimi. Nimelisoma, nimewasomea wengine, nimeliazimisha mpaka majalada yamelegea, na kila linaporudi huwa nauliza: umeonaje? Majibu niliyopata yamenifundisha kazi yangu kuliko nilivyojifunza kwa kusoma peke yangu.

Mimi ni mchoraji. Nachora vibonzo na picha za vitabu vya watoto hapa Dar es Salaam, na mwisho wa wiki nafundisha vijana kuchora, uani kwetu, chini ya bati. Wengi wa rika langu tulianza kwa kunakili Madenge na Ndumilakuwili kutoka gazeti la Sani. Vijana wangu wameanza kwa kunakili manga kwenye simu. Kwa hiyo kitabu cha mchora manga anayeeleza alivyofundishwa kuchora kilikuwa kitu cha kukigombania tangu nilipokiweka mezani.

Kwa wasioijua hadithi: Akiko yuko mwaka wa mwisho wa sekondari na anajiona ana kipaji cha ajabu, maana shuleni kila mtu amemwambia hivyo. Mpango wake umekamilika kichwani. Ataingia chuo cha sanaa, ataanza kuchapishwa akiwa bado mwanafunzi, kisha umaarufu. Rafiki yake anampeleka kwenye darasa la kuchora la mtu ambaye kitabuni anaitwa Hidaka Kenzo, nyumba ya mbali kule upande wa baharini, ada yen 5,000 kwa mwezi. Mwalimu amevaa traksuti, mkononi ana upanga wa mwanzi, ule wa mazoezi ya kendo, mchezo wa Kijapani wa kupigana kwa panga. Anaitazama kazi ya Akiko na kumwambia papo hapo kwamba ni mbovu. Kisha anamwambia akae achore.

Akiko anaamua kutoroka. Anasingizia tumbo linamuuma. Mwalimu hashuku kitu: anamgeuzia mgongo, anamwambia apande, anambeba hadi kituo cha basi. Binti yuko mgongoni mwa mtu aliyemdanganya, na aibu inamjaa. Baadaye anarudi darasani.

Vijana wangu ndio waliokisoma kwanza, na karibu wote walikwama pale pale, pale upanga wa mwanzi unapotua. Walikasirika kwelikweli. Kijana mmoja wa kidato cha nne alinirudishia juzuu ya kwanza kabla hajaimaliza. "Ticha, huyu ni mnyanyasaji. Mbona mwandishi anamchekea?" Nilimwambia aendelee kusoma. Akasema hapana, hawezi kumhurumia mtu wa namna hiyo hata akifa. Hakujua kwamba juzuu ya tano inamngoja na jambo hilo hilo.

Hasira yake ina mizizi, na siidharau hata kidogo. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Kwetu Tanzania kanuni za mwaka 2002 bado zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule, na mtoto yeyote aliyesoma hapa atakueleza umbali uliopo kati ya kanuni na paredi ya asubuhi. Japani yenyewe sheria ya elimu ya mwaka 1947 inakataza adhabu ya kumwumiza mwanafunzi mwilini, ingawa walimu wengi wa zama za Akiko waliendelea kupiga, na darasa la Hidaka lilikuwa la mtu binafsi, si shule. Halafu kuna suala la namna ya kuchora. Higashimura ni mchekeshaji kwa asili. Kuragehime, kazi yake iliyomfanya ajulikane nje ya Japani, imejaa watu wanaopiga kelele na kuganda kama mawe. Katika manga za kuchekesha kipigo hukuzwa kupita kiasi, mtu huruka hewani, fremu inayofuata ni mzima. Msomaji wa Japani amezoea lugha hiyo ya picha tangu utotoni. Kijana wangu aliusoma mwanzi kama mwanzi, kwa sababu ulishatua kwenye viganja vyake.

Jirani yetu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu wa Tanga, amefundisha vijijini miaka mingi kabla ya kuhamia mjini kwa mwanawe. Nilipompelekea kitabu nilianza kumweleza kwamba manga husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na fremu pia hufuata hivyo, asije akachanganyikiwa. Akanikatiza. "Mwanangu, mimi nimesoma juzuu amma kabla sijajua a e i o u." Akakifungua upande unaostahili na kuanza kusoma kana kwamba amezaliwa Miyazaki. Vijana wangu wote walihangaika na mwelekeo ule. Yeye hakuhangaika hata dakika moja.

Alimaliza juzuu zote tano kwa siku chache, na hukumu yake ilikuwa kinyume kabisa na ya vijana. "Huyu ndiye mwalimu," alisema. Akanieleza habari za watu wazima, wengine sasa wana vyeo, wanaomsimamisha barabarani, "Shikamoo mwalimu," kisha wanamshukuru kwa bakora alizowachapa. Aliamini kabisa kwamba kitabu kinasema jambo hilo: mwalimu alimpiga Akiko, Akiko akawa mtu.

Jumapili moja alikuja uani vijana wakiwepo, na ubishi ukawaka. Kwa heshima, maana hakuna kijana wa kumjibu mzee ovyo, lakini uliwaka. Yule wa kidato cha nne alisema, "Samahani mwalimu, wale waliochapwa wakaacha shule hawakusimamishi barabarani." Mzee alinyamaza kidogo. Alikubali kwamba hao kweli hajawaona. Kisha wakaendelea, huyu na mwanzi wake, yule na mwanzi wake.

Aliyewanyamazisha wote ni dada yangu. Ni muuguzi, alikuwa ametoka zamu ya usiku, anakunywa chai pembeni, na kitabu alikuwa amekisoma wodini kukiwa kimya. Akasema, "Mnabishania fimbo ya nini? Yule mtoto alishatoka. Alishapata uongo wake, basi linakuja, harudi tena. Kilichomrudisha ni kubebwa."

Nilikuwa nimesoma ukurasa huo sijui mara ngapi, na nilikuwa nimeuchukulia kama kichekesho. Ni kichekesho kweli, na umechorwa uchekeshe. Lakini tazama mpangilio wa matukio: upanga wa mwanzi ulimfanya Akiko akimbie, mgongo wa mwalimu ukamrudisha. Ni mwandishi mwenyewe aliyeyapanga hivyo, hakuna aliyemlazimisha. Mzee na kijana wote wawili walikuwa wamesimama kwenye sehemu ya hadithi inayomfukuza mwanafunzi, mmoja akiisifu, mwingine akiilaani, na wote wakaipita ile inayomrudisha. Tangu siku hiyo siwezi kukubaliana na wanaosema kitabu hiki kinatetea kipigo, wala wanaokitumia kutetea fimbo. Hidaka anapiga kelele, anatisha, na hamwachi mwanafunzi hata mmoja. Hilo la tatu ndilo lililozaa mchoraji.

Nalisema kwa sababu lilibadilisha ninavyofundisha. Fimbo sikuwahi kuwa nayo. Nilichokuwa nacho ni tabia ya kugawa zoezi kisha kurudi kwenye kazi zangu za malipo, nikisubiri waniletee. Sasa nakaa nao. Nachora chupa ile ile wanayochora wao, saa ile ile, na mtu akikwama ananiona nami nimekwama kwenye ukingo ule ule wa kioo. Wanachora muda mrefu zaidi kuliko zamani, na wanaoacha wamepungua.

Jambo jingine lililowashangaza vijana ni wingi wa saa. Mtihani wa kuingia vyuo vya sanaa Japani ni wa vitendo, pamoja na ule wa maandishi. Unawekewa sanamu ya plasta, kwa kawaida vichwa vya Kirumi na Kigiriki, au vitu vya kawaida tu mezani, na unachora kwa penseli au mkaa kwa saa kadhaa: uzito, mwanga, kivuli, nafasi kati ya kitu na kitu. Penseli huchongwa kwa kisu ili ncha itoke ndefu. Wanaotaka kuingia hufanya zoezi hilo mamia ya mara. Akiko anachora mpaka anachukia, na neno la mwalimu wake halibadiliki: chora. Anashindwa mtihani wa chuo kimoja, anafaulu Chuo cha Sanaa cha Kanazawa. Binti mmoja darasani kwangu, anayechora macho ya manga vizuri kunishinda, aliuliza: "Yote hayo, ticha, kwa kuchora kichwa cha plasta? Yeye si alitaka kuchora manga?" Swali zuri. Jibu limo ndani ya kazi zake za baadaye. Higashimura anachora haraka sana na kwa wingi sana, na mkono wa namna hiyo hujengwa kwa miaka ya kutazama kabla ya kuchora. Binti hakuridhika na jibu langu, lakini aliacha kulalamikia chupa.

Sehemu ya Kanazawa huwagusa zaidi waliowahi kukaa chuoni. Akiko amefika alikotaka, na hachori kitu. Turubai liko mbele yake, rangi zipo, muda upo, mkono hautoki. Anakunywa, anazurura, siku zinakwisha. Mwalimu anafunga safari kutoka Kyushu hadi huko kumwona. Mfanyakazi mwenzangu wa zamani, mtu aliyesomea uchoraji kwa ada ya kuunga unga, alinirudishia juzuu hiyo bila kusema lolote kwa wiki nzima, kisha akaniambia hajawahi kuona mtu akieleza hali hiyo pasipo kujitetea. Nami naona hivyo. Mwandishi hasemi alikuwa mgonjwa, wala hasemi mfumo wa elimu ni mbaya. Anasema tu kwamba hakuchora.

Wachoraji wenzangu wa hapa mjini, watu wa kulipwa kwa picha, wao walisimama mahali pengine kabisa: kwenye pesa. Baada ya chuo Akiko anarudi Miyazaki. Anafanya kazi ya kupokea simu katika kampuni, jioni anafundisha kwa Hidaka, usiku anachora manga za kupeleka mashindanoni, maana mshindi hupata fedha na fedha ndizo zitakazomtoa kwenye zile simu. Mwaka 1999 ndipo anapoanza kuchapishwa. Mwenzangu mmoja alisoma kurasa hizo akicheka kwa furaha: "Kumbe na Japani!" Vitabu vingi vya maisha ya wasanii hupita juu ya suala la kodi ya nyumba. Huyu hapiti. Anaeleza bila aibu kwamba manga zake za kwanza zilisukumwa na hamu ya kuacha kazi nyingine. Na kuna jambo zito ndani yake: mwalimu wake alimtaka awe mchoraji wa turubai, na kwa muda mrefu Akiko alimficha kwamba ndoto yake ni manga. Alimwacha mzee aamini. Wasomaji wangu wenye wazazi waliowapeleka kusomea uhasibu walielewa hapo bila kuelezwa.

Kisha inakuja juzuu ya mwisho. Akiko amehamia Osaka, kazi zinamiminika, wahariri wanasubiri. Mwalimu anampigia simu kumwambia ana saratani ya mapafu na amepewa miezi minne. Anataka aje asaidie darasa. Akiko anakwenda, anakaa kidogo, kisha anarudi Osaka kwenye kurasa zake. Mwalimu anafariki.

Hapa wasomaji hugeuka. Wale waliomchukia Hidaka humhamishia Akiko hasira yote. Yule kijana wa kidato cha nne, aliyeapa hatamhurumia, alikuja kuichukua juzuu ya tano mwenyewe, akaisoma palepale uani, akaondoka bila kuaga. Mama mmoja jirani, niliyemsimulia hadithi kwa Kiswahili huku akichambua mchicha, alisema maneno makali: "Miezi minne! Hata mimi na biashara yangu ningefunga." Dada yangu alimjibu kwamba wodini anawaona kila siku ndugu wanaoahidi kurudi kesho, na si watu wabaya. Wanaogopa. Kumwona mtu mwenye nguvu akiwa dhaifu kunatisha, na kazi ni kisingizio kinachokubalika na kila mtu. Nimezisoma kurasa hizo tena baada ya kumsikia, nikaona kwamba woga umo mle, ingawa Akiko mwenyewe anautaja kama shughuli.

Nilikuwa na hamu ya kumsikia mzee wa Tanga kuhusu hapo. Nilidhani atakuwa upande wa lawama. Akasema, "Wanafunzi wana maisha yao, nilijua hilo tangu siku ya kwanza kushika chaki. Ila simu ikiita nafurahi." Baadaye niligundua kwamba vijana wawili wa darasani walikuwa wamechukua namba yake.

Huko Japani kitabu hiki kilipokewa kwa namna inayonifurahisha. Mwaka 2015 kilipata Manga Taisho, tuzo iliyoanza mwaka 2008, ambayo wapigaji kura wake wengi ni wauzaji wa vitabu, watu wanaosimama dukani na kumwambia mteja "chukua hiki." Mwaka huo huo kikapata tuzo kuu ya manga katika tamasha la sanaa lililokuwa likiandaliwa na idara ya utamaduni ya serikali. Mwaka 2025 kikawa filamu, na mwandishi mwenyewe ni mmoja wa walioandika muswada wake. Sishangai kwamba wauza vitabu walikipenda. Ni kitabu ambacho mtu akimaliza anataka kumpa mtu fulani, na huwa anamjua ni nani.

Lakini pingamizi lililonisumbua zaidi halikutoka kwa aliyemchukia mwalimu wala aliyemlaumu mwanafunzi. Lilitoka kwa yule binti wa macho ya manga. Alisoma juzuu zote, akarudia, kisha akaniambia: "Ticha, mimi naona anajisafisha. Mtu amekufa, hawezi kujibu. Yeye analia kwenye karatasi, sisi tunanunua, anapewa tuzo." Alisema taratibu, bila kutaka kuonekana mwerevu. Alikuwa ameumia.

Nilimjibu kwa kumwonyesha michoro, maana ndiyo lugha yetu sote wawili. Nilimwambia atazame nani amepewa maneno mazuri katika kitabu hiki. Akiko mtu mzima, anayesimulia, anamwita mwalimu wake tena na tena, na kila mahali ambapo angeweza kujichora akifanya jambo jema anajichora amelala, amelewa, anadanganya, au anatazama saa. Hidaka hakupewa hekima za kubandika ukutani. Amepewa amri moja, traksuti moja, na mgongo. Mtu anayejisafisha huchora tofauti. Kuhusu tuzo na fedha, nilimwambia hiyo ndiyo kazi yake: mchora manga hana njia nyingine ya kumwomba mtu radhi hadharani isipokuwa kurasa, na kurasa hulipwa. Ninaamini hivyo kwa moyo wote. Darasa la Hidaka lilikuwa na watoto na wazee wa Miyazaki tu. Leo hata kijana wa Mbagala, hapa Dar es Salaam, anagombana na mwalimu huyo.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, ila bado angechora akiwa hai."

Sikuwa na la kumjibu, na sikutafuta. Wiki iliyofuata alileta daftari la kurasa za kwanza za hadithi yake mwenyewe. Mhusika mkuu ni mama yake, mama lishe, kuanzia alfajiri anapowasha mkaa mpaka hesabu za jioni. Fremu zinakwenda kutoka kushoto kwenda kulia, kwa sababu anataka mama yake azisome bila kuelekezwa. Na mama anazisoma kweli, kila jioni baada ya kuosha vyombo, na anasahihisha: sufuria ya maharage haikuwa ile, wali siku hiyo ulikuwa wa nazi, na yule mteja wa deni alikuwa mrefu zaidi. Binti anafuta na kuchora upya. Mwezi huu wamefika kwenye mwaka ambao baba aliondoka nyumbani, na wamebishana siku kadhaa kama ukurasa huo uwemo. Mama anataka uwemo.